Ngamia wa Usajili

Deeq alipofika Garissa, msimu wa ligi kuu ulikuwa umeshaanza, na vijana wa mtaa wa Iftin walikuwa na ugonjwa mmoja: kila mmoja aliamini kwamba yeye ni mshambulizi. Dawa ya ugonjwa huo ni kazi, na kazi haipo. Basi Deeq akavaa jezi ya Mwangaza Stars, akaning'iniza filimbi shingoni, akajiita skauti, msaka vipaji.

Klabu yenyewe haikumjua. Ilikuwa inaburuta mkia kwenye jedwali, wachezaji wakigoma kwa kukosa mishahara, lakini hayo Deeq hakuyasema. Alisema tu kwamba kila mama alipe ada ya usajili. Akina mama watatu walikuwa wameshalipa, mmoja kwa kuuza bangili zake, alipomfikia Batula, mwuza maziwa ya ngamia, mama yake Aweys.

"Eedo, shangazi yangu," alisema, mkono kifuani, "mwanao ana mguu wa dhahabu. Msimu huu huu utamwona kwenye televisheni."

"Mguu hiyo mbona haifiki kisimani?" Batula akauliza. "Pesa sina. Niko na ngamia. Lakini ngamia ni kubwa kuliko ada yako. Rudisha chenji."

Deeq alizaliwa Eastleigh, na ngamia alimjua kwenye sahani tu. Bei yake sokoni, hata hivyo, aliijua. Akamimina pesa zote za wale akina mama watatu mkononi mwa Batula.

Batula akaita mashahidi, mzee Yarrow na mzee Ogle, kama ilivyo desturi, akasema mbele yao polepole: "Ngamia hii nimekupa. Mtoto yake sijakupa, inabaki kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia, eedo. Ndama wa nini? Mimi sifugi."

Yarrow akakohoa. Ogle akatazama viatu vyake. Hapana mfugaji kutoka hapa mpaka Diff ambaye angekubali sharti lile, lakini skauti hafundishwi.

Deeq akamfunga ngamia nyuma ya gesti, akalala usingizi wa tajiri. Asubuhi alikuta kipande cha kamba. Ngamia alikuwa kwa Batula, ananyonyesha. Akamrudisha, akanunua kamba nene zaidi, na ngamia akaikata hiyo pia.

Jumatano, siku ya soko, alimburuta mpaka mnadani, kiwele kikidondosha maziwa, ngamia akilia kama mfiwa. Mnunuzi akamzunguka.

"Ndama yuko wapi?"

"Hayumo kwenye bei."

"Basi na mama hayumo. Nikimlipia leo, kesho nitamkuta kwa Batula."

Kabla Deeq hajajibu, ngamia alishachomoka.

Deeq alimkuta Batula anamkamua.

"Mchukue, ni yako," Batula alisema.

"Eedo, mnunue wewe. Sema bei."

"Nauli ya basi mpaka Nairobi."

"Wallahi, huo ni wizi."

"Wizi ndiyo kazi yako, kocha. Mimi nauza maziwa. Na hiyo jezi vua. Si Aweys amesajiliwa?"

Deeq akapanda basi akiwa na fulana ya ndani tu, filimbi ikining'inia kifuani. Batula alikuwa amesimama kituoni, akiwarudishia wale akina mama watatu pesa zao. Yule aliyeuza bangili akagonga dirisha.

"Kocha, mechi imekwisha. Mbona hupigi filimbi?"