Bei ya Kayole

Leo nimeumbuka, jamani. Ngojeni nikae kwanza. Na wewe kinyozi, punguza hiyo redio.

Mnajua mama mkwe anafika Jumamosi kutoka Bungoma. Na mnajua sakafu ya jikoni kwangu, hapa Buruburu, imechimbika mpaka viti vinayumba. Mama mkwe akianguka mbele yangu, nitaangalia wapi? Basi jana, nikiwa kazini, mke wangu Mama Kevo akaleta fundi. Jioni akaniambia bei. Niliruka!

"Hiyo ni bei ya Buruburu," nikamwambia. "Wakiona geti tu, wanaongeza. Nitakuletea bei ya Kayole, kwa watu wasio na geti."

(Mimi ndiye mjanja wa estate hii. Kwani hamkujua?)

Asubuhi nikaenda Kayole kwa binamu yangu Wafula. Jikoni kwake kunatoshana na kwangu. Nikavaa shati lake lililochanika kwapani, na malapa. Mpango ulikuwa fundi wa huko anipe bei akidhani hapo ni kwangu, tukikubaliana ndiyo nimwambie kazi iko Buruburu. Wafula akamwita mmoja. Bonge la mtu, mcheshi, penseli sikioni. Akapima, akapiga mluzi.

"Ndugu yangu, hapa ni ghali kuliko Buruburu."

"Ati nini?!"

"Na matope haya? Lori la mchanga haliingii. Linamwaga kule kwa lami, halafu mkokoteni ndio unaleta kidogo kidogo. Maji nayo ni ya kununua. Buruburu lori linamwaga mlangoni, maji yako kwa mfereji. Kule kinachouma ni mtu wa mkono tu, yule wa kunichanganyia simiti. Wa kule wanajiona."

Hapo ningenyamaza. Lakini wapi! Nikaanza kulia.

"Fundi, nihurumie. Sina kazi. Watoto wamelala njaa."

(Kevo leo ameacha yai kwenye sahani.) Chozi likatoka kweli, hata mimi nikashangaa. Wafula akakimbilia nje, nikamsikia akikohoa.

Fundi akaniwekea mkono begani. "Wachana na sakafu, ndugu. Kesho njoo unichanganyie simiti. Nina kazi Buruburu, kwa mama mmoja ana haraka. Mama yake anatoka Bungoma Jumamosi. Shida ni bwanake tu, mjuaji sana, ati anatafuta bei yake."

Uuuwi! Nilitamani ile sakafu ya Wafula inimeze. Fundi akanielekeza nyumba kwa makini, mpaka rangi ya geti. Rangi niliyopaka mimi! Halafu akanipa pesa ya unga. Nikapokea. Ningekataaje, na nimeshalia?

Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikamkuta Mama Kevo anacheka peke yake kwa furaha.

"Baba Kevo, fundi amenipigia simu kazini! Amepunguza bei! Amepata mtu wa mkono huko Kayole, hana gharama."

"Aha."

"Maskini, ana shida huyo. Eti alilia."

"Alilia?"

"Sana! Kesho nitampikia chapati. Na wewe uwe hapa asubuhi, umsalimie vizuri. Usimletee madharau yako."

Sasa wenzangu, kesho fundi akibisha, na mtu asinicheke, nifungue mlango, au nisimame naye nje nikingoja kufunguliwa?