Miwani kwa Kadiri ya Cheo

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Tumefika ugenini. Nchi ya watu! Lugha ni ileile yetu, ila wao wanaisema polepole, kama wanaogopa itaisha. Basi la misheni limetushusha kwenye ukumbi wa kanisa la wenyeji wetu. Mgongo wangu haujui tena mbele ni wapi. Njiani niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyoteremsha lori lisilo na breki mlima mzima kwa kupiga honi tu. Shemasi akauliza mlima gani. Roho ndogo sana, huyu Shemasi.

Niandike yote, nisije nikasingiziwa. Kiongozi wa msafara ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, daktari wa macho. Tumekuja kuwapima watu macho na kuwagawia miwani bure, kwa jina la Bwana. Kamati ya kanisa letu nyumbani haikunitaka kabisa. Mpwa akasimama akasema mimi ni mtu wake, nikiharibu ameharibu yeye. Kamati ikasema sawa, lakini pakiharibika jambo, misheni anapewa Shemasi, ambaye hajawahi kuficha kwamba anamwona binti huyu bado mbichi. Nimemwapia mpwa kwa kaburi la bibi yake kwamba hatalisikia jina langu. Akasema anamwomba Mungu iwe hivyo.

Kisha kazi zikagawiwa. Shemasi: koti jeupe, chumba cha miwani. Mimi: benchi. Niwapange watu foleni na kuwaambia wafunike jicho moja. Mimi! Benchi!

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Watu wamejaa tangu alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyeniita daktari. Naitwa mzee wa benchi. Shemasi anapita na koti lake, mikono nyuma, kana kwamba hospitali zote duniani alizijenga yeye.

Nikavuka barabara kwa kinyozi. Nikamwomba koti lake jeupe, nikamwambia ni dharura ya kitabibu. Akanipa. Nikarudi mtu mwingine, ingawa shingo iliwasha kwa nywele za wateja. Mgonjwa wa kwanza kuniona akakaa, akainamisha kichwa, akasema nipunguze pembeni, juu niache. Wa pili akauliza kama na ndevu ni bure. Foleni ikagawanyika mara mbili. Mpwa akatoka, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini: Mjomba, vua. Nikavua. Hamu ya chakula imekufa. Nimekula tu ili mwenyeji wangu asijisikie vibaya. Mara mbili.

Mwenyeji wangu ni Mama Cherehani, mjane. Amenipa chumba cha mbele, kati ya mashine yake na rundo la sare za shule. Anashonea shule nzima, na macho yamemgomea. Uzi anautunga kwa kubahatisha. Amesema akipata miwani atamaliza kabla shule hazijafunguliwa. Asipopata, mwalimu mkuu atampa fundi mwingine kazi, naye hana nyingine. Nikamwambia Mama, lala usingizi wako wote, umelaza daktari chini ya bati lako.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Shemasi anaumwa tumbo! Sikuliombea, lakini sikulikemea.

Mpwa hakuwa na mtu mwingine. Amenikabidhi chumba cha miwani kwa uso wa mtu anayemfungia mbuzi ndani ya bustani. Kasema mambo mawili. Kesho kila mgonjwa atakuja na namba yake, nimpe miwani ya boksi lenye namba hiyo. Na nisiguse mpangilio, kwa sababu miwani zile ni za kuchangiwa, hazina alama, yeye mwenyewe alizipima nguvu moja moja kwa mashine kule nyumbani, miezi na miezi. Nikamwambia mwanangu, nimekusikia.

Nikafungua maboksi. Aibu! Fremu ya dhahabu imelala pamoja na fremu iliyofungwa waya! Mwenyekiti wa wazee wa kanisa hili, mtu mwenye tumbo la heshima, angeweza kuangukiwa na miwani ya rangi ya waridi! Mtu mwenye akili angenyamaza? Nimepanga upya mchana kutwa. Za dhahabu, wakubwa. Nyeusi nzito, walimu na wasemaji. Zenye maua, kina mama. Za waya, vijana, wao wana uzuri wao tayari. Sasa ni duka! Shule na mimi tuliachana mapema, lakini jicho la mpangilio nilizaliwa nalo. Mpwa atalia kwa furaha.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Siku tukufu! Watu wananinyoshea vikaratasi vya namba, mimi natazama uso wa mtu. Mwenyekiti nimempa dhahabu. Amejitazama kwenye kioo cha dirisha mpaka foleni ikapiga miluzi. Mama Cherehani, maua. Akasema mbona ukuta unapumua. Nikamwambia Mama, ni macho tu yanashangaa, yatazoea. Nimeitwa daktari mpaka masikio yamepata moto.

Alasiri. Nimekwisha.

Wameanza kurudi. Mwalimu mmoja anainua miguu kupanda ngazi ambayo haipo. Bibi mmoja amemwamkia mbuzi na kumuuliza habari za nyumbani. Mwenyekiti aligonga mlango kwa paji la uso, akauomba radhi. Mpwa akaja, akatazama maboksi. Nikangoja ngurumo. Wala. Akauliza tu: Mjomba, za namba tatu ziko wapi? Nikasema nyingi ziko kwa kina mama, chache kwa walimu. Akaketi juu ya boksi, akajiziba uso kwa mikono. Heri angenipiga.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nikapata wazo la kumwokoa. Niliwakusanya watu wote uani, nikatangaza wabadilishane wenyewe mpaka kila mmoja aone. Ilikuwa vita! Walivishana, wakavuana, wakanyang'anyana. Mabibi wawili walivutana kwa fremu ambayo hakuna kati yao aliyeona nayo kitu. Nyingine zimekanyagwa. Shemasi, ambaye chuki imemponya kuliko dawa, alisimama kando na simu sikioni, akiihadithia kamati yetu. Hakusahau hata koti la kinyozi.

Mpwa amepima upya kila mtu na kila miwani iliyogawiwa, kwa mkono bila mashine, macho yake mwenyewe mekundu. Kamati ikampigia: wote wakipata miwani zao na wenyeji wasinung'unike hadi ibada ya Jumapili, yatasameheka. Vinginevyo, Shemasi.

Jioni wote walikuwa wamepata, isipokuwa Mama Cherehani. Yenye nguvu yake imebaki moja tu, na hiyo iko puani kwa Mwenyekiti. Mpwa akaenda kuiomba kwa adabu zote. Mwenyekiti akakiri kwamba haoni nayo hata mkono wake. Lakini mkewe amemwambia hajapendeza hivyo tangu arusi yao. Haitoki.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mama Cherehani amemshonea mtoto wa watu mfuko mgongoni mwa shati. Akaufumua. Akaushona tena, kwenye kitambaa cha meza. Hakunisema. Aliniwekea chai, akamimina nje ya kikombe, akanikaribisha. Nimekunywa iliyokuwa kwenye sahani.

Siku nzima nimekaa kama gunia lililomwagwa. Mpwa kapita mlangoni, kanisalimu shikamoo Mjomba, basi. Hakuna zaidi. Mimi niliyemtazama chui mpaka akainamisha macho, nimeshindwa kumtazama mtoto wa dada yangu.

Kisha, chini ya boksi la mwisho, nikaiona: fremu nyingine ya dhahabu! Pacha kabisa wa ile ya Mwenyekiti, vioo vyake dhaifu, havimdhuru mtu. Kwenye maombi watu hufumba macho. Hii navisha, ile navua. Nani atajua?

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nilikaa ubavuni mwa Mwenyekiti. Mchungaji wa hapa, anayetuombea kila asubuhi tangu tufike, akasema tusimame tuombe, na yeye akianza kuombea mataifa haachi hata visiwa. Mwenyekiti akasinzia wima. Nikanyosha mkono. Ikatoka laini, kama ganda la yai la kuchemsha! Nikaitia mfuko wa nyuma, nipate mikono miwili ya kumvisha pacha.

Mchungaji akasema amina. Mapema! Siku zote haishi, leo kaisha! Watu wote wakaketi. Nami, kwa mazoea, nikaketi.

Mlio ule.

Mwenyekiti akapapasa pua. Shemasi alikuwa ameshaninyoshea kidole, kanisa zima linatazama. Nauliza: nani alimfundisha kusali macho wazi?

Kabla ya chakula cha mchana misheni ilikuwa ya Shemasi. Jioni fundi mwingine amekuja kuchukua vitambaa vya sare. Mpwa ndiye aliyemsaidia Mama Cherehani kuvifunga. Kamwahidi kumtafutia miwani nyingine, ingawa wote tunajua hana tena msafara wa kuileta. Nikamfuata nje nimwombe radhi. Akasema hanilaumu, anajilaumu yeye kwa kunisemea. Nimelia mpaka kinyozi akavuka barabara kuuliza nani amefariki.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Ndani ya basi, tunarudi. Shemasi kakaa kiti cha mbele, anatuhesabu kila kituo kama vifaranga. Mpwa yuko dirishani peke yake. Kabla hatujaondoka alinijia, akanishika mkono, akasema anataka kitu kimoja tu maishani: nisijitolee tena. Kwa jambo lolote linalohusu mwili wa binadamu. Nikaapa, mkono juu. Nimeona kweli nimekuwa mtu mpya.

Dereva ameshika shavu tangu mpakani. Limevimba kama andazi. Jino!

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kujitolea ni kumfuata mgonjwa alipo. Huyu sikumfuata, ndiye anayenipeleka nyumbani. Na jino si jicho; halina namba, lina mzizi tu. Nikiling'oa vizuri, Shemasi akishuhudia, tutafika kwetu mpwa akiwa amerudishiwa misheni yake na mimi huenda nikawa naibu. Sijamwambia, amelala, acha apate la kumfurahisha akiamka.

Dereva anasema kwenye vifaa vya gari kuna koleo, ila meno yake yamelika kidogo. Nimemwambia si neno, mimi nimezoea vifaa vichakavu. Ameshapunguza mwendo. Nimemwomba aegeshe penye mwanga, apanue mdomo, asitoe sauti.