Dakika Tisa za Alfredo

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Nimeanza. Filamu ya mchoraji akiwa kazini, ya kwanza hapa Mtwara, na mtengenezaji ni mimi, Thabiti, niliyeanza maisha kwa kukodisha baiskeli moja mbovu. Kamera nimeinunua kwa mhandisi wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Mikanda mitatu, kila mmoja dakika tatu. Jumla tisa. Jumamosi padri anapanda ndege kwenda Dar, ataibeba ikasafishwe.

Alfredo ni jirani yangu hapa Magomeni. Huandika vibao vya maduka. Lakini nyumbani ana ubao anaochora uso wa mama yake, aliyefariki mwaka juzi ng'ambo ya Ruvuma. Picha yake haipo hata moja. Alfredo alivuka akikimbia vita, na nguo ya mwilini tu. Binti yake Luisa, miaka sita, kila siku anauliza bibi alikuwaje. Alfredo anasema akikawia, uso utamtoka kichwani na mtoto hatakuwa na bibi.

Hiyo ndiyo filamu! Nimempangia: dakika moja penseli, tatu macho na pua, nne mdomo na mashavu, moja atabasamu. Amesema haya, bwana.

Jumanne, 8 Agosti

Alfredo amekaa mbele ya ubao tangu saa mbili hadi saa sita. Brashi hakugusa. Nilimpiga dakika mbili nikidhani anaanza. Alikuwa anajikuna goti. Saa saba akachora macho, nikapiga dakika moja. Saa nane akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta yote. Eti si yeye.

Macho mawili, pua moja. Nilihesabu mwenyewe. Kimekosekana nini? Chale. Mama yake alichanjwa usoni ujanani, kama wanawake wengi wa Kimakonde wa rika lake, na Alfredo hakumbuki mistari inapindia wapi.

Shabani, yule wa studio ya picha mkabala na kwangu, ameniuliza mbele ya wateja wake filamu ya goti inaendeleaje.

Zimebaki dakika sita.

Jumatano, 9 Agosti

Tatizo dogo. Chale ni mistari, na mistari inahesabika. Nimemleta Bi Theresia, muuza mihogo wa sokoni, kwao Newala, uso mzima chale. Kumi na minne kila shavu. Nikamwambia Alfredo anakili. Akasita. Nikamkumbusha ndege. Akanakili. Dakika nne safi, mwanga mzuri.

Bi Theresia akainuka, akautazama ubao, akashukuru kwa upole: amechorewa dada yake vizuri sana. Alfredo akachukua kitambaa.

Sikujua kwamba chale zina kwao, kila upande na mistari yake. Mimi mtu wa Mikindani, ningejuaje? Na yeye Alfredo alinyamaza kwa nini?

Jioni nilimkuta upenuni. Luisa alikuwa amemuuliza kama bibi naye aliuza mihogo. Nikakaa naye kidogo. Nilitafuta la kumwambia mtu anayepotewa na uso wa mama yake. Nikamwambia zimebaki mbili.

Alhamisi, 10 Agosti

Shabani ameanza kupita kwa Alfredo, kamera begani, eti anasalimia. Nimemzungushia Alfredo jamvi, yeye na ubao wake. Sasa haoni kitu. Alfredo naye amelalamika haoni kitu. Siku imepotea. Gharama ya filamu: sifuri. Nimefurahi.

Ijumaa, 11 Agosti

Bi Theresia, bila kuniuliza, ametuma mtu kumwita Mama Deolinda, bibi aliyevuka kutoka kijiji kile kile cha mama yake Alfredo. Alitazama ubao mtupu, akauliza kwa nini mtu mzima anajitesa hivi. Alfredo akasema anakumbuka macho, sauti, hata harufu ya moshi kwenye kitambaa chake cha kichwa. Chale tu ndizo asizoziona.

"Mwanangu, wewe hukuzijua kwa macho," akasema. "Ulikuwa mgongoni. Ulizijua kwa mkono."

Akamshika mkono, akauweka shavuni kwake, kwenye chale zake. Alfredo akafumba macho.

Kamera nilikuwa nimeizima. Haya yalikuwa mazungumzo, si uchoraji. Tena mgongo wa Mama Deolinda ulikuwa umeziba ubao. Nikamwomba kwa adabu asogee kushoto. Hakuna aliyenisikia. Alfredo akachovya vidole viwili kwenye rangi nyeusi, akaanza kuvuta mistari ubaoni, macho bado kayafumba. Mimi nasubiri ashike brashi. Brashi hakushika. Akayafumbua, akachora macho na mdomo kwa vidole vile vile, haraka, kama anayechelewa.

Kisha akakaa chini. Kitambaa hakukigusa.

Luisa akaja, akasimama mbele ya ubao, akapitisha vidole kwenye mistari mibichi. Vikawa vyeusi. Baba yake hakumkemea.

"Shikamoo, bibi," akasema mtoto.

Hapo nikaelewa kazi imekwisha. Nikabonyeza. Dakika mbili kamili za Mama Deolinda akitafuta ndala zake.

Jumamosi, 12 Agosti

Mikanda imeruka na padri. Dirishani kwa Shabani kuna picha moja mpya: mkono wa Alfredo juu ya shavu la Mama Deolinda. Aliipiga kwa kuchungulia juu ya jamvi langu! Hadi saa sita walikuwa wamesimama kuitazama watu thelathini na mmoja. Wawili walikuwa wanalia. Bahati tu.

Jumapili, 13 Agosti

Sikulala vizuri. Nimelifikiria jambo hili kwa kina, bila hasira. Kosa ni la Alfredo. Alimaliza bila kunipa taarifa.

Nimepata mkanda mwingine, dakika tatu. Nimempelekea habari njema: sasa chale anazijua, basi afute, arudie, taratibu, na safari hii kwa brashi. Asije akasema namtia hasara, nimebeba mafuta ya taa nusu lita na kitambaa kipya.

Amefunga mlango. Nawasikia wamo ndani wote, mtoto anasimulia kitu. Nimekaa kibarazani nasubiri. Mwanga utafaa hadi saa kumi.