Tiketi ya Preben Dalgaard

Jumatatu, 25 Agosti
Balaa. Mimi na mke wangu Tove tunasafiri kwa ndege kwenda Malaga, Hispania, Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo chama cha bustani kinapima maboga ya mashindano. Boga langu limekuwa kubwa kama mashine ya kufulia. La jirani yangu Holger limelala upande kama mlevi. Siendi Malaga. Tiketi nitaiuza.

Jumanne, 26 Agosti
Nimelipigia simu shirika la ndege. Binti wa simu kasema tiketi haiuziki, ni ya mwenye jina tu. Nikamwambia nikiuza baiskeli yangu, kiwanda hakiniulizi. Akasema baiskeli haina jina. Yangu inalo, ila sikutaka mabishano. Ada ya kubadili jina inazidi bei ya tiketi. Wizi mtupu. Kiti nimelipia mimi.

Jumatano, 27 Agosti
Akili imefunguka. Jina halibadiliki, basi nabadilisha mtu. Nimempata Preben Dalgaard mwingine, jina letu moja, wa mji wa Esbjerg, mwalimu mstaafu wa dansi. Kaichukua kwa nusu bei.

Alhamisi, 28 Agosti
Nimemwambia Tove. Nilitegemea sahani ziruke. Aliuliza tu, “Huyo Preben ana nywele?”
Nikasema sijui.
“Haya, tutaona.” Akaendelea kupaka siagi kwenye mkate.

Jumamosi, 30 Agosti
Wameondoka. Boga nilikuwa nalinywesha maji tangu juzi ili lizidi uzito. Likapasuka juu ya mizani. Majaji wamelowa. Holger kashinda, kisha akaniletea keki ya pole. Nimeila kwa hasira.

Jumatatu, 1 Septemba
Tove kapiga simu. Hoteli iliwaandika Bwana na Bibi Dalgaard, chumba kimoja. Preben, muungwana, kaenda kulala kando ya bwawa, akapitiwa na usingizi hadi mchana. Kaiva kwa jua upande mmoja. Tove anampaka mtindi. Nikauliza anampaka wapi. Simu ikakatika.

Jumapili, 7 Septemba
Tove karudi. Anapika kwa hatua za dansi. Kakata tiketi mbili za Malaga za Krismasi: Tove Dalgaard na Preben Dalgaard.
Nikamuuliza, “Preben yupi?”
“Atakayetokea uwanja wa ndege, mume wangu.”
Nimekaa bustanini nikifikiri sana. Ndoa si jambo la mzaha. Kisha nikamwandikia yule wa Esbjerg. Safari hii nusu bei haipati.