Vifungo vya Maziwa

Jumatatu, 9 Juni
Nimepata dawa! Shangazi Apolonia amesema hamwozeshi Sabine, binti wa kaka yake, kwa mtu wa kupanga maboksi tu kama mimi. Anataka kuona biashara. Haya basi, leo nimeona kwenye simu: zamani Wajerumani walitengeneza plastiki kwa maziwa! Walianza na vibao vyeupe vya shule, havikufaa. Wakahamia vifungo vya nguo. Wakatajirika hao! Na ghalani kazini kwetu, hapa Garland, Texas, tunagawiwa bure maziwa yanayokaribia kuharibika. Mungu si Athumani.

Jumanne, 10 Juni
Polycarpe anashona mashati ya kwaya. Mkongomani huyu ana cherehani, ana sauti, ana gari safi, na kila Jumapili anampa Sabine lifti. Nimemwambia vifungo aniachie mimi. Amekubali haraka mno, eti atanitangaza mbele ya parokia nzima. Anangoja niaibike. Atangoja sana!

Jumatano, 11 Juni
Maziwa motoni, siki ndani, yakaganda. Nikayakamua kwa soksi (mpya!), nikafinyanga vifungo. Shangazi anakaa ghorofa ya juu yangu. Akanusa, akashuka, akaingia bila hodi. Balaa! Mrundi kutia siki kwenye maziwa! Akashika kichwa. Akasema kwetu ng'ombe hutungiwa mashairi, na mimi Salvator nina pepo. Nikamweleza kwamba ni kiwanda. Hasikii. Polycarpe alipokuja kuulizia vifungo, alimsalimia Shangazi kwa Kirundi, "Amashyo!", yaani amemtakia makundi ya ng'ombe. Yeye, Mkongomani! Mimi nikaambulia "hi".

Ijumaa, 13 Juni
Kumbe Wajerumani waliloweka plastiki yao kwenye formalini, wiki na wiki. Ile dawa ya kuhifadhi maiti! Mimi sina muda, na maiti sina. Nimevipanga vifungo kwenye dashibodi ya gari, jua la Texas limalize kazi. Vimekauka kama mfupa! Nimeng'ata kimoja, jino likauma. Raha tupu. Polycarpe ameshavishona.

Jumapili, 15 Juni
AC ya kanisa imekufa. Kwaya ikacheza, jasho likawatiririka. Wimbo wa pili, harufu ya jibini. Wa tatu, vifungo vikalainika. Polycarpe akainua mikono aimbe peke yake, shati likaachia lote, kitambi hadharani! Padri alijifunika uso kwa kitabu cha misa, mabega yanamtikisika. Mimi natafuta mlango. Sabine akanidaka mkono, machozi ya kicheko yanamtoka. Akasema tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hajacheka hivi, na akamwambia shangazi yake palepale kwamba mume ni huyu. Shangazi naye alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Akasema sawa, ila niape: maziwa sitayagusa tena ila kwa kunywa. Nikaapa! Mbele ya padri! Naoa, jamani, naoa!

Jumatatu, 16 Juni
Kiapo ni kiapo. Maziwa basi. Lakini nimesoma kwamba kabla ya maziwa watu walitengeneza plastiki kwa pamba. Vitana, kola za mashati, hata mipira ya biliadi! Inashika moto upesi, wanasema. Kidogo tu. Na harusi yetu inahitaji kola nyeupe kwa wasimamizi wote, Polycarpe wa kwanza. Nimeshafumua mto mmoja wa Shangazi. Pamba safi kabisa!