Skrini Kubwa ya Mount Druitt

Jumatatu, 15 Novemba 2021

...na sasa projekta ya kanisa iko kwenye garaji yetu, imelala juu ya boksi kama mgonjwa. Kamera iko pembeni yake. Nilimwambia Maman Honorine projekta imeanza kunuka kama waya inaungua, na kamera ilikuwa karibu nayo. Maman Honorine ni mama yangu mdogo, nakaa kwake, na ndiye anatunza vitu vya kanisa. Kazi yake ni kuhudumia wazee, corona imemjaa kichwani. Hakuuliza hata swali. Akarudi nyuma, akavuta maski juu, akasema projekta inaumwa, kamera ni close contact, imekaa na mgonjwa, vyote viende isolation. Garaji! Wiki nzima! Ndipo nilipotaka.

Jumamosi ni fainali ya mpira. Sisi Wakongomani wa mtaa wa Mount Druitt na Wakenya wa mtaa wa Westmead. Anayeshinda anaenda kucheza Melbourne, mpaka wa jimbo lao uliofungwa na corona umefunguliwa! Kwenye gari ya timu kiti kimoja kimebaki. Kapiteni Kalume alisema ni cha mtu atakayefurahisha mashabiki kuliko wote.

Mimi mpira sichezi. Kuongea mbele ya watu siwezi. Lakini kile kiti ni changu. Melbourne kuko dada yangu Fébronie. Alizaa wakati wa lockdown, mtoto sijamshika hata siku moja. Namjua kwa WhatsApp tu, na picha ya simu ya Fébronie inakwama palepale kila mara, kwa hiyo mtoto namjua akiwa amefumba jicho moja. Kwenda peke yangu? Na Kizungu hiki changu, nitamuuliza nani njia?

Adui ni Dieudonné, shabiki mwenzangu, naye anakitaka kiti hicho. Ako na megafoni. Anajua kuchekesha. Mimi niko na macho tu.

Jumanne, 16 Novemba

Nimeangalia mpira mwingi kwa TV. Kwenye viwanja vikubwa kuna skrini kama nyumba. Goli likiingia wanalirudisha polepole. Halafu kamera inageukia mashabiki, wanajiona, wanakuwa wazimu. Siri iko hapo! Mtu anapenda mpira, lakini sura yake anaipenda zaidi.

Leo nimefunga garaji, giza kabisa. Shuka yangu ukutani. Nikaonyesha paka wa jirani, nilimchukua na kamera asubuhi. Yesu! Paka mkubwa kama ng'ombe! Sharubu moja moja! Vumbi juu ya pua unaliona! Ndiyo HD hiyo iliyoandikwa kwenye kamera. Herufi zenyewe sijui zinasema nini, shule niliacha mapema, lakini macho yangu yamezielewa. Nikapiga makofi peke yangu. Maman Honorine akagonga mlango, akauliza kama na mimi nimeanza kukohoa.

Alhamisi, 18 Novemba

Kwenye shift warehouse, ghalani ninakofanya kazi, nilipanga maneno yangu vizuri, nikayaambia maboksi. Jioni, mazoezini, mbele ya kapiteni, yakakimbia yote. Niliongea na viatu vyake. Lakini alisikia! Akasema petit, mdogo wangu, ukituletea skrini ya stadium hapa Mount Druitt, kiti ni chako.

Dieudonné akacheka mpaka megafoni ikalia. Akauliza umeme nitachomeka wapi, kwenye nguzo ya goli? Nikatabasamu kama mtu anayejua. Sikujua! Nilifikiria paka, umeme sikufikiria.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimezunguka uwanja mzima. Plagi iko moja, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Nimekusanya extension zote za nyumba. Friza ya Maman Honorine inapumzika, samaki wamelegea kidogo. Projekta nimeivalisha boksi la ndizi. Nani ataitambua? Kesho! Kesho! Kesho!

Jumamosi, 20 Novemba

Nimeshinda! Hapana. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Mchana, jua kali. Watu wengi sana, wamekaa mbalimbali kama sheria. Shuka nyuma ya goli. Nikawasha. Hakuna kitu! Shuka nyeupe, jua jeupe. Nikaongeza mwanga. Jua nalo likaongeza. Owuor, kapiteni wa Wakenya, tunafanya naye kazi warehouse moja, akaniuliza msee, hiyo ni skrini ama umeanika? Dieudonné akachukua megafoni, akatangazia uwanja wote kwamba mwenye shuka aje aigeuze, upande huu umekauka.

Mpira ukaanza. Tukafunga mapema! Na mimi nililinasa lile goli kwa kamera. Hapo akili ikaja. Giza! Nikabeba kila kitu mbio mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Shuka ukutani, mlango nikafunga. Karatasi ya mlangoni inasema mwisho watu wanne. Wanne wakaingia. Wee! Jasho la kapiteni unaliona likianguka tone kwa tone! Walipiga mayowe, wakatoka, wakahadithia. Foleni ikaanza. Foleni ikafika parking. Mtu anaskani QR ya corona mlangoni, anaingia, analia kwa furaha, anatoka, anarudi kupanga foleni tena. Maman Honorine mwenyewe aliingia. Akasema mashine kama hii ndiyo kanisa linunue, ile yetu mbovu iko isolation. Nikamjibu ndiyo, Maman.

Uwanjani watu karibu waishe. Wakenya wakasawazisha, shabiki gani aliona? Dieudonné anahutubia miti. Furaha yangu siwezi kuieleza!

Kadi ya memori yenye lile goli nikaiacha ndani ya projekta, goli likawa linajirudia lenyewe. Kamera nikaitia kadi nyingine, nikaisimamisha nje, nikaigeuzia wale mashabiki wachache waliobaki pembeni ya goli, nao wajione baadaye.

Mwishoni, kelele. Kapiteni wetu alipiga, kipa wao akaudaka mpira juu ya mstari. Sisi tunasema goli. Wao wanasema goli la nyoko. Refa, mzee mmoja Mrundi, alikuwa anajikinga jua machoni. Watu wakasukumana, maski zikashuka kwenye kidevu. Ndipo Owuor akasema si tuko na HD ya huyu msee? Wote wakanigeukia. Mimi! Kapiteni akanishika bega, akasema petit wetu atawaonyesha.

Tukaingia: refa, Kalume, Owuor, mimi. Wanne, kama karatasi inavyosema. Nikaonyesha. Goli hakuna. Mpira hakuna. Kuna Maman Honorine na miwani yake ya jua, anatafuna karanga. Kamera ilikuwa inaangalia mashabiki! Kapiteni akashusha pumzi, akasema basi, kama hakuna picha, goli ni goli. Refa akaanza kutikisa kichwa kukubali. Owuor akaanza kusema kitu kwa Kijaluo, hakikuwa sala.

Lakini macho yangu haya! Yaliona kitu ndani ya miwani ya Maman Honorine. Nikasimamisha picha. Nikavuta karibu. Karibu zaidi. Miwani ikajaa ukuta mzima. Na ndani yake: nguzo, mstari, kipa, mpira. Safi kama maji! Aibu yote ikanitoka. Nikaruka, nikapiga kelele: “Oneni! Oneni HD hii! Mpira haujavuka! Haujavuka hata kidogo!”

Tangu nizaliwe sijawahi kuongea kwa sauti hivyo.

Goli likafutwa. Penati. Tukapigwa. Mashabiki wetu wengi walikuwa bado kwenye foleni, wanasubiri kuona miwani.

Jumapili, 21 Novemba

Kanisani kapiteni alisalimia ukuta uliokuwa pembeni yangu. Dieudonné aliinuka kwenye maombi, akaombea kijana mmoja, jina hakusema, aliyeuza taifa kwa ajili ya picha nzuri. Watu wakasema amina, wakaniangalia. Maman Honorine peke yake ako na furaha. Anasema Mount Druitt nzima sasa imeona ngozi yake haina mkunjo.

Jioni Fébronie akapiga. Nikamwambia kiti kimepotea, gari yenyewe haiendi tena. Akamleta mtoto karibu na simu ili nimwone. Ikakwama. Jicho moja. Niliongea na lile jicho mpaka data ikaniishia.

Jumatano, 24 Novemba

Sikia! Owuor alinijia kazini, katikati ya mapaleti. Nikajua amekuja kunicheka. Kumbe nesi mmoja wa timu yao ameitwa kazini wikendi, kiti chake kiko wazi. Akasema msee wa macho kama hayo hawezi kubaki nyumbani, niende nao Melbourne nikarekodi, mashabiki wa kule nao wapate replay. Nikakubali kabla hajamaliza. Kisha nikamuuliza kama ndani ya gari kuna nafasi ya boksi la ndizi.

Ijumaa, 26 Novemba

Mfuko tayari. Nimefikiria sana juu ya yale ya fainali, mpaka nimeliona kosa langu. Shuka ilikuwa ndogo! Sasa nimechukua mbili, nimezishona pamoja.

Fébronie amepiga asubuhi, anaruka kwa furaha. Mtoto ameshika meza, amesimama mwenyewe, leo au kesho anatembea! Nikamwambia amkalishe haraka. Asimruhusu! Angojee nifike, nifunge mapazia, nitundike shuka, nimchukue mtoto HD hatua ya kwanza, halafu sote tukae gizani tumwangalie vizuri. Dada akaniuliza kwa nini nisimwangalie tu kwa macho. Maskini, mambo ya stadium hayajui.

Lazima niende sasa. Owuor anapiga honi nje, na projekta lazima iingie ndani ya gari kabla Maman Honorine hajashuka kwenye basi akitoka kazini.