Mwaka Mzima wa Kuisubiri Vigwaza

Redio ya Bi Dija, muuza kahawa wa kijiweni, imekazwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, lakini asubuhi ile habari ilitoka safi: mkimbiaji mmoja wa mbio ndefu kasema mwaka wake wote umepangwa. Kwanza anajenga pumzi, halafu nguvu, halafu kasi, na mbio zikikaribia anapumzisha mwili.

"Ndiyo sisi hao!" Ausi Greda akaruka, kahawa ikamwagikia kashata. Aliitwa Greda kwa sababu uwanjani alisomba mpira, mtu na kibendera cha kona. Wenzake walikuwa na makosa mengine.

"Nyinyi nani?" Bi Dija akauliza.

"Timu ya kijiwe. Mwaka huu kisayansi! Jumapili Vigwaza wataomba poo."

Bi Dija akashika kiuno. Desturi ya timu hizi mbili za wazee, ya kijiwe na ya Vigwaza, ni kwamba anayefungwa humpikia pilau mshindi. Mwaka jana wanaume walifungwa saba, akapika yeye, masufuria manne. Vigwaza wakala mpaka ukoko, wakaomba na wa kufungasha.

"Kisayansi vipi, baba?"

"Mwalimu Leodgar, kocha wetu aliyeko Fukayosi, alitutumia ratiba ya mwaka kwenye simu," akadakia Mikidadi Spika, ambaye sauti yake haikuwa na mahali pa kupunguzia. "Mimi Machi yangu ilikuwa kali! Kila alfajiri mpaka Mlingotini, mbwa wa njiani wakawa wananisalimia."

"Na Aprili?"

"Aprili ya Greda."

Bi Dija akaweka dele la kahawa chini. "Ya Greda vipi?"

"Mwaka mzima nani atauweza peke yake? Tuligawana, kama tunavyolima shamba la mtu. Huyu anang'oa visiki, yule anapanda, yule anafukuza ngedere. Mimi Machi, pumzi. Greda Aprili, kichurachura."

"Tuko kumi na moja, miezi kumi na miwili," Greda akafafanua. "Mmoja ukazidi, tukampa kipa."

"Kwa hiyo pumzi unayo wewe, Spika."

"Nilikuwa nayo. Machi."

"Na kasi?"

"Kasi alichukua Amin, Oktoba. Alikimbia yule! Kwa niaba yetu sote."

"Yuko wapi?"

"Kahamia Ubena."

Bodaboda ikasimama, akashuka Mwalimu Leodgar, mstaafu, vumbi la Fukayosi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Timu iko fiti?"

"Mwalimu," Bi Dija akasema taratibu, "ratiba yako wameifanya kwa zamu. Mwezi mmoja, mtu mmoja."

Mwalimu akatafuta benchi kwa mkono. "Lakini kila mwezi niliwauliza kama mazoezi yamefanyika, mkajibu yamefanyika!"

"Si yalifanyika!" Spika akang'aka.

"Desemba hii ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Ya Mohamedi, kipa. Ana Novemba na Desemba, zote mapumziko. Yule yuko tayari kabisa, mkewe mwenyewe analalamika."

Bi Dija akacheka mpaka machozi akayafutia ncha ya khanga. Halafu akayakumbuka masufuria.

"Mtindo wenu nimeupenda, wanangu. Pilau la Jumapili nalo tunagawana. Greda, vitunguu gunia zima, umenye. Mwalimu una miwani, chambua mchele. Spika, kupuliza moto, si una pumzi?"

"Ni ya Machi, Bi Dija!"

"Mimi nitakaa jukwaani nipepee khanga."

"Vigwaza watukute tunamenya vitunguu?" Greda akashika kichwa. "Mbele ya shemeji zangu?"

"Basi msifungwe."

Greda akavua makubazi. Spika akapiga simu, na mtaa mzima ukasikia: "Amin, rudisha kasi yetu! Leo hii!"

Saa sita mchana, jua la utosi, timu nzima ilikuwa inazunguka uwanja wa shule, kipa akiongoza, maana alikuwa amepumzika vizuri.

Mwalimu akafungua daftari lake, akalitazama, akalifunga.

"Bi Dija, awamu hii mimi sikuwahi kuisomea. Inaitwaje?"

"Andika vitunguu."